Sista, jina lako nani?

Saa nane za usiku, wodi ya wanawake, Lamu. Feni inazunguka polepole na nje punda analia kama wanavyolia punda wa Amu, tuuitavyo mji wa Lamu, pasi na kumjali aliyelala. Muuguzi anakuja na trei ndogo, anasimama kando ya kitanda cha shangazi yangu, anafungua faili. "Mama, jina lako kamili?" Shangazi anajitaja. Muuguzi anakisogeza kichupa cha dawa kwenye mwanga, anasoma maandishi yake, anavuta dawa kwa sindano, anakisoma kichupa tena kabla ya kukiweka chini. "Jina lako nani vile, mama?" Shangazi anajitaja tena. Anaulizwa kama sindano yoyote iliwahi kumtoa vipele au kumbana kifua. La, haijawahi. Pamba yenye spiriti inapita juu ya ngozi ya paja, na kabla sindano haijaingia, swali lile lile kwa mara ya tatu.

"Mwanangu, jina nishakwambia," shangazi akasema, usingizi umemjaa.

"Naelewa, mama. Niambie tena tu."

Wauguzi hufundishwa mambo matano kabla ya kumgusa mtu na dawa: mgonjwa awe ndiye, dawa iwe ndiyo, kipimo kiwe ndicho, njia iwe ndiyo, na wakati uwe ndio. Dada yule alikuwa amechoka. Niliona alivyoegemea kitanda alipokuwa akiandika. Hata hivyo hakuruka jambo hata moja. Nami niliyekesha pale kwenye kiti cha plastiki nikimshukuru kimoyomoyo, kulipokucha nikatambua kwamba jina la shangazi aliliuliza mara tatu, na lake sisi hatukuliuliza hata mara moja.

Lingekuwa jambo dogo lau kilichotupeleka wodini si sindano nyingine. Siku tisa kabla, shangazi alishikwa na homa na maumivu ya viungo. Akaenda kwa "daktari" wa mtaani, chumba kimoja chenye meza, pazia na kibao kilichochujuka rangi. Sitataja mtaa wala chumba. Hakuulizwa jina. Hakuulizwa kama ana ugonjwa wa sukari, naye anao. Alichomwa kwenye nyama ya bega, akapewa vidonge ndani ya karatasi, akalipa, akarudi nyumbani. Siku ya nne bega likavimba. Siku ya saba likawa jipu la ukubwa wa limau. Siku ya nane hakuweza kuinua mkono kujifunga mtandio, na hospitalini wakampasua.

Tabibu aliyempasua aliuliza swali la haki: "Nani alikuchoma, na alikuchoma nini?" Shangazi alijibu la kwanza kwa neno moja: daktari. La pili hakuwa na jibu. Nilikwenda mwenyewe kwenye chumba kile nikakuta kufuli. Majirani wakasema amesafiri. Jina lake? Kila mmoja alimjua kwa jina hilo hilo la daktari. Jioni nikafungua kwenye simu ukurasa wa Baraza la Wauguzi la Kenya, pale ambapo mtu yeyote anaweza kutazama kama muuguzi fulani ana leseni. Ukurasa ukataka jina au nambari. Nilikaa nikiutazama, sina la kuandika.

Niseme kwa uadilifu: jipu la sindano laweza kumpata hata aliyechomwa na mkono stadi, hasa mtu mwenye sukari. Sidai kwamba bwana yule hakusoma. Huenda alisoma. Ninachosema ni kwamba mimi, shangazi yangu, tabibu wa hospitali na majirani wote wa mtaa ule hatukuwa na njia ya kujua, na sheria nzima iliyotungwa ili kutulinda ilikwama pale, kwenye kijisanduku cheupe cha simu kinachosubiri jina.

Huku kwetu kila avaaye nyeupe ni daktari. Muuguzi ni daktari, tabibu (clinical officer) ni daktari, kijana wa maabara ni daktari, mwenye duka la dawa ni daktari, na mwanafunzi aliyeletwa kujifunza kwa majuma machache naye tunamwita daktari kwa heshima. Akiwa mwanamke tutamwita sista, na hapo tumemaliza. Heshima hiyo ni njema na sitaki ipotee. Lakini neno moja likishafunika watu wa elimu tano mbalimbali, mgonjwa amenyang'anywa swali lake la kwanza.

Chukua mfano wa oksitosini, ile ambayo akina mama huiita sindano ya uchungu. Kichupa chake ni kidogo kuliko kidole cha mwisho. Mtoto akishatoka, mkunga humchoma mama uniti 10, tumbo la uzazi likajikaza, mishipa ikabanwa na damu ikapungua. Ni kinga yetu kubwa dhidi ya kuvuja damu baada ya kujifungua, moja ya sababu kuu kabisa za vifo vya wazazi. Dawa hiyo hiyo na kipimo hicho hicho, akichomwa mama kabla mtoto hajatoka, na mtu anayetaka tu uchungu uende mbio, yaweza kulikaza tumbo la uzazi mpaka likapasuka. Mtoto akakosa hewa, mama akavuja ndani kwa ndani. Kwa macho ya aliyesimama mlangoni hakuna tofauti: kichupa ni kile, sindano ni ile, mkono wenye glovu ni ule. Tena dawa hii inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikisafiri juani ndani ya boti hadi Kizingitini bila barafu hudhoofika, na hakuna atakayelijua hilo kwa kuitazama.

Samaki mbovu utamjua kwa jicho na matamvua yake. Kitambaa utakishika, utakivuta, utakipeleka kwenye mwanga. Sindano huwezi kuionja kabla. Ndiyo maana dunia ilikubaliana kwamba kazi hii isiachwe kwa mnunuzi kujipimia mwenyewe; kuwe na mtu mwingine aliyekwisha kumpima mchomaji kwa niaba yetu sote, akaliandika jina lake mahali panaposomeka.

Wengi hawajui kwamba jambo hili lilianzia Afrika. Mwaka 1891 koloni la Rasi, kule Afrika Kusini, lilipitisha sheria iliyowaandikisha wauguzi na wakunga kwa mamlaka ya serikali, kwa juhudi za mtawa Henrietta Stockdale wa Kimberley, kabla ya mahali pengine popote duniani. New Zealand ikafuata mwaka 1901 kwa sheria ya wauguzi peke yao. Uingereza ilichelewa hadi 1919, na kilichoichelewesha ni mvutano ambao mimi naona haujaisha mpaka leo. Florence Nightingale mwenyewe, ambaye picha yake imetundikwa katika vyuo vingi vya uuguzi, alipinga uandikishaji. Aliona kwamba mtihani hupima kumbukumbu tu, na kwamba subira, ukweli na huruma haviandikiki kwenye daftari la serikali. Ethel Bedford Fenwick akashikilia upande wa pili kwa zaidi ya miaka 30: bila daftari, kila mtu aweza kujiita muuguzi, na atakayeumia ni mgonjwa. Fenwick alishinda, na daftari lilipofunguliwa jina lake likawa la kwanza.

Kila nikimkumbuka dada wa saa nane za usiku huwa namwelewa Nightingale. Hakuna mkaguzi aliyekuwa akimtazama. Leseni ilimfikisha mlangoni pa wodi. Lililomfanya aulize mara ya tatu ni lake mwenyewe. Lakini nikikumbuka kile chumba chenye kufuli nakuwa upande wa Fenwick moja kwa moja, kwa sababu huruma ya mtu nisiyemjua jina siwezi kuitegemea wala kuidai.

Kenya ina sheria yake, Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na Baraza lililoundwa chini yake tangu 1983. Kazi yake inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwanafunzi akiingia chuoni Baraza humpa nambari, ili ajulikane tangu siku hiyo ni nani na anasoma wapi. Chuo chenyewe lazima kiwe kimekubaliwa na Baraza: walimu wake, maabara yake, na hospitali atakakojifunzia. Akimaliza hufanya mtihani wa Baraza, hata kama chuo kimeshampa cheti. Akifaulu huandikwa, kisha hupewa leseni, na leseni ina mwisho. Ikifika siku yake lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Anayetaka kufungua kliniki yake binafsi huomba leseni nyingine juu ya hiyo. Na akikosa, Baraza laweza kumwita, kumsikiliza, kumwonya, kumsimamisha au kulifuta jina lake.

Hatua zote hizo zina sababu. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba shule kadhaa za Florida ziliuza vyeti vya uuguzi zaidi ya 7,600 kwa watu ambao hawakuwa wamekamilisha masomo wala mafunzo ya wodini yaliyotakiwa. Maelfu ya waliovinunua walifanya mtihani wa leseni wakafaulu, wakaajiriwa. Mtihani peke yake haukuwakamata. Kilichotakiwa kuwakamata ni ile kazi ya chini, isiyo na sifa, ya kumjua mwanafunzi tangu siku ya kwanza na kukitembelea chuo bila kupiga hodi. Watu husema urasimu. Mimi nikifikiria bega la shangazi, nasema urasimu huo uzidi.

Hapa kuna mkanganyiko ambao nausikia hata barazani kwa watu waliosoma. Mgomo wa wauguzi wa 2017, ulioanza mwezi wa Juni ukaisha Novemba, uliwafanya wengi waamini kwamba Baraza ndilo linalowapigania wauguzi mishahara. Hilo ni la chama cha wafanyakazi, na ni haki yao. Baraza liliundwa kwa ajili ya anayelala kitandani. Muuguzi hulipa ada, Baraza hula ada hiyo, lakini anayetumikiwa ni mgonjwa. Kule Uingereza nusu ya wajumbe wa baraza lao ni watu wasio wauguzi wala wakunga, ili anayeuguzwa naye awe na kiti mezani. Naipenda kanuni hiyo. Mtu akishakaa kitini kama mgonjwa, maswali yake huwa mengine.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ofisi kuu za Baraza ziko Nairobi. Mama wa Kiunga au Ndau mwenye lalamiko ana safari ya boti mpaka Amu kwanza, na maji yakipwa mkondo wa Mkanda haupitiki, boti hungoja. Kutoka Amu ana Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen, siku nzima kabla hajaiona Mombasa, sembuse Nairobi. Ataambiwa aandike barua pepe. Ataandika nini? "Sista mmoja mrefu, mweupe kidogo, mwezi uliopita, alinifanyia hivi na hivi." Barua ya namna hiyo haiwezi kufunguliwa jalada. Sheria inadai jina, naye jina hana, kwa kuwa tangu mwanzo hakuna aliyemfundisha kwamba jina ni haki yake.

Na hata akilijua, ataogopa. Lamu ni ndogo. Muuguzi uliyemlalamikia ni binamu wa jirani yako, mkeo atajifungua mikononi mwake mwakani, mwanao atapelekwa kwake kwa chanjo. Mjini mkubwa mtu hulalamika kisha akahama hospitali. Kisiwani hospitali ni moja.

Ndipo inapoingia sulhu. Habari ya bega ilipoenea, ami yangu mmoja, mtu wa busara anayeheshimiwa mtaani kote, aliniita barazani kwake. "Mwanangu," akaniambia, "yule bwana atafutwe, aje amwombe shangazi yako radhi, alipe gharama, yaishe. Mambo ya kuandikiana na serikali yana nini?" Namheshimu ami, na sulhu naiheshimu zaidi. Imetulinda karne nyingi katika mji wa nyumba zinazogusana kuta. Imezuia damu, imerudisha ndoa, imegawa mashamba. Lakini sulhu ina watu wawili: aliyeumiza na aliyeumia. Wakishapeana mikono, jambo limekufa, na adabu inataka lisitajwe tena. Mgonjwa wa kesho hayumo. Yeye hajazaliwa katika habari hiyo, hajui kwamba kuna aliyetangulia akapasuliwa jipu, na kwa vile sulhu imeliziba jambo, hatajua kamwe. Daftari la Baraza ndilo mahali pekee ambapo mgonjwa wa kesho ana mtu wa kumsemea. Lalamiko la kwanza laweza kuwa bahati mbaya. La pili likija kutoka Faza na la tatu kutoka mji wa Hindi, huku huku Lamu, mtu aliyekaa mbele ya daftari ataona mstari ambao hakuna mzee wa mtaa hata mmoja anayeweza kuuona, kwa sababu kila mmoja alizika la kwake.

Nilimwambia ami hivyo, kwa upole. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi fanyeni yote mawili." Nalishika neno lake. Radhi iombwe, na jina liandikwe. Moja halimzuii mwenzake.

Pia kuna sitara. Mficha uchi hazai, husema wakongwe wetu, na neno hilo tumelitii: tunamvulia muuguzi sitara ambayo ndugu wa tumbo moja hatuwavulii. Mwanamke aliyetukanwa chumba cha kujifungulia, au aliyeguswa pasi na kuelezwa, hawezi kulisimulia mbele ya kamati ya wanaume asiowajua, kwa lugha ya ofisini. Atalimeza. Nawajua waliolimeza, na wameketi nami katika harusi.

Mmoja wa Bungoma hakulimeza. Mwaka 2013 alijifungulia kwenye sakafu ya hospitali ya serikali, vitanda vya kujifungulia vimejaa, na wauguzi waliomkuta wakampiga makofi na kumtukana kwa kuchafua sakafu. Mtu akachukua picha za simu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Bungoma iliamua kwamba haki zake chini ya Katiba zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Watu walikumbuka makofi. Mimi nilichokumbuka ni sehemu nyingine ya hukumu: mahakama haikuishia kwa wauguzi wale, ilipanda juu hadi serikali ya kitaifa na ya kaunti, ikasema zilishindwa kuweka na kusimamia taratibu na rasilimali za kuhakikisha mama anajifungua kwa heshima.

Hapo ndipo usimamizi wa uuguzi, kama ulivyo, unapokosa jicho moja. Baraza linamwona muuguzi. Halimwoni aliyempanga zamu.

Twende kwenye zahanati moja ya visiwani, nisiyoitaja. Ina muuguzi mmoja. Asubuhi anachanja watoto. Akija mzazi mwenye uchungu, anaacha watoto foleni anaingia kuzalisha. Katikati ya kuzalisha anabisha mvuvi aliyechomwa mwiba na samaki taa. Ndiye anayegawa dawa, ndiye anayejaza madaftari ya serikali, na mwezi ukiisha ndiye anayekwea boti kwenda Amu kuchukua chanjo. Siku hiyo zahanati haina mtu isipokuwa mlinzi, na mlinzi ni mtu mwema. Mtoto akiletwa anachemka homa, mlinzi anajua kabati la dawa liko wapi na ameona mara mia vidonge vinavyotolewa. Anatoa viwili. Ukimuuliza mama wa mtoto nani alimhudumia, atakwambia: daktari.

Nani wa kuadhibiwa mtoto yule akizidiwa? Mlinzi hayumo kwenye daftari lolote. Muuguzi yumo, na kwa sababu yumo ndiye atakayeandikiwa barua ya wito, ingawa kosa lake lilikuwa kwenda kuchukua chanjo za watoto hao hao. Aliyeamua kwamba zahanati ya kijiji kizima iwe na mtu mmoja hana leseni ya kufutwa. Baada ya mashambulizi ya watu wenye silaha huku Lamu mwaka 2014, zahanati za vijiji vya Waboni kule msituni zilikaa muda mrefu bila wahudumu kwa sababu ya usalama. Huko hata wa kumlalamikia hakuwapo. Usimamizi unaoanza na kuishia kwa mtu mmoja mwenye sare humwacha mgonjwa wa mahali kama hapo mikono mitupu.

Sheria ya Afya ya 2017 iliona sehemu ya tatizo hili. Iliunda mamlaka ya kusimamia mabaraza yote ya taaluma za afya, yenye kazi ya kupokea malalamiko pia. Muhimu zaidi kwetu ni kifungu chake cha 14: kila mtu ana haki ya kulalamikia namna alivyotendewa katika kituo cha afya, serikali ya kitaifa na ya kaunti zitangaze utaratibu wa kulalamika, na utaratibu huo ubandikwe kituoni mahali ambapo kila aingiaye ataona. Vituo vya umma na vya watu binafsi sawasawa. Tangu nilipokisoma kifungu hicho, kila niingiapo kituo cha afya macho yangu hutafuta ukutani. Huona bango la saa za kazi, la kunawa mikono, la kunyonyesha, la bei. Ninalolitafuta ni nadra kuliona, na sijawahi kuliona kwa Kiswahili ambacho shangazi yangu angekielewa.

Kwa hiyo nisemapo kwamba kaunti ya Lamu iwe na dawati la malalamiko ya afya hapa hapa, lenye mwanamke wa kumsikiliza mwanamke, liandike lalamiko kwa Kiswahili na kulifikisha Nairobi likiwa limekamilika, siombi sheria mpya. Naomba iliyopo ivushwe bahari. Baraza nalo, kesi ikitoka huku, ije isikizwe huku, au kwa video. Muuguzi aliyeshtakiwa pia ana haki yake chini ya kifungu cha 47 cha Katiba, kutendewa kwa haki na bila kucheleweshwa, naye si tajiri wa nauli.

Na kabla ya hayo yote, jina. Kila ahudumuye mgonjwa avae kitambulisho chenye jina, cheo chake kwa Kiswahili kinachosomeka kutoka kitandani (muuguzi, mkunga, tabibu, mwanafunzi), na nambari yake ya Baraza. Mlangoni pa kila kliniki ya mtaani leseni itundikwe, isiwe ndani ya droo. Mwenye kliniki asiye na cha kutundika, watu wataanza kujiuliza bila hata polisi kuja.

Nilimpelekea wazo hili muuguzi mmoja wa visiwani, mwanamke ambaye nimemjua miaka. Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Aliniambia wenzake wawili walishafuatwa nyumbani usiku na jamaa wa wagonjwa waliokufa, na kwamba jina kamili kifuani, katika mji huu, ni kama kuandika anwani ya nyumba. Sikuwa nimelifikiria. Sheria ile ile ya 2017 inampa mhudumu wa afya haki ya kufanya kazi mahali salama, na haki hiyo haipungui kwa sababu mgonjwa naye ana yake. Tulilizungumza mpaka chai ikapoa. Tukafikia kwamba jina la kwanza, cheo na nambari vinatosha. Nambari ndiyo itakayompeleka mlalamikaji kwenye daftari, na nambari haimwonyeshi mtu anwani ya nyumba.

Kisha akaniongezea lake. "Sawa, niandikeni mlangoni," akasema. "Lakini mkiniandika mimi, andikeni pia tunatakiwa kuwa wangapi. Chini ya jina langu acheni mistari ile mingine wazi, na juu yake muandike jina la ofisi iliyotakiwa kuijaza. Mama akija usiku akanikuta nimelala mezani, asome ubao wote."